Wifi Yangu na Wavaa-pete

Kaka yangu alipotuambia anataka kuoa, Mama aliuliza jambo moja tu: huyo binti anafanya kazi gani? Kaka akakohoa, akatazama dari, akasema anafanya kazi za afya. Hakusema uongo, ila ukweli aliukata vipande akatupa kile chepesi. Harusi ikapita, wageni wakaenda zao, na ndipo siku moja mezani Mama alipomuuliza mkwewe, kwa upole tu wa kutafuta mazungumzo, kama wagonjwa huko kazini kwao ni wengi. Wifi yangu akajibu kwa uso mkunjufu, "Hatuna wagonjwa, Mama. Mimi nalisha nyoka."

Mama aliweka kijiko chini. Kuanzia siku hiyo kikombe chake kilifungwa uzi mwekundu kwenye mshikio, kisichanganyike na vingine, na ole wako umwachie wifi akioshe. Hakuna aliyegombezwa na hakuna aliyefukuzwa. Mama si mtu wa kupiga kelele, ni mtu wa kununa kwa utaratibu, na kununa kwa namna hiyo kunachosha kuliko kelele.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, kati ya dirisha la barabarani na korido inayokwenda jikoni, kwa hiyo nyumba ile hakuna kinachopita nisikione, na nikishakiona kunyamaza siwezi. Wifi nilimpenda tangu mwanzo kwa sababu ukimtania anarudisha. Nikimwambia, "Bibi Pete, leo umebusiwa na wangapi?" ananijibu, "Wote wamekataa, wanasema nanuka wifi."

Jina la Bibi Pete nilimpa baada ya kwenda kazini kwake kupeleka makoti niliyowashonea. Ni jengo refu la chini, madirisha yenye wavu maradufu, ndani kuna joto la kukulaza na harufu ya vumbi la mbao na matango yaliyokaa. Wanafuga nyoka ili kuwakamua sumu. Sumu kidogo anadungwa farasi, damu ya farasi inajifunza kupambana nayo, na kutoka kwenye damu hiyo inatoka dawa ya watu walioumwa. Kila aina ya nyoka ina chumba chake. Chumba cha wifi ni cha nyoka wenye mistari inayozunguka mwili kuanzia shingoni hadi mkiani. Vitabuni ukoo huo unaitwa Bungarus, na spishi zake zimetawanyika nchi nyingi, lakini pale kazini hakuna mwenye ulimi wa kulitamka jina hilo kutwa nzima. Wanawaita wavaa-pete.

Nilitegemea kuona mashetani. Nikaona nyoka wamejikunja, wametulia, kila mmoja amekificha kichwa chini ya mwili wake kama mtoto aliyevunja kikombe. Wifi akanieleza kwamba mchana ndivyo walivyo, unaweza kumgusa mmoja na kijiti asifanye lolote zaidi ya kujificha zaidi. Jua likishazama ni viumbe wengine kabisa. Na wakiuma, alisema, jino lao halina maumivu, aliyelala anaweza asishtuke hata kidogo.

"Sasa upole huo ndio hatari yenyewe," akasema. "Nyoka mkali hatumzoei. Hawa unawazoea."

Pale kazini waliwahi kuwazoea. Alikuwepo mfanyakazi mmoja, kabla ya wifi, aliyeweka wavaa-pete wawili kwenye ndoo moja wakati anasafisha masanduku. Alisema ni wapole, watakaa. Aliporudi akakuta nyoka mmoja, mnene, ametulia kuliko hata mwanzo. Wale chakula chao kikubwa ni nyoka wenzao, na undugu hauzingatiwi. Wakacheka sana. Halafu mtu huyohuyo, kwa mazoea hayohayo, akaingiza mkono sandukuni bila kutazama, na hicho kicheko kikaisha. Alipona, ila hakurudi tena.

Ndipo likawekwa sharti. Wanafanya kazi wawiliwawili. Anayetaka kufungua sanduku anasema, "Nafungua," na mwenzake lazima awe anamtazama, na lazima ajibu kwa sauti, "Nakuona." Asipojibu, hufungui. Hata kama amesimama ubavuni pako, hata kama unajua kabisa kwamba anakuona, hufungui. Mwenzake wifi alikuwa bwana mmoja mwembamba waliyemwita Kimya, na kwa kweli neno hilo moja la "Nakuona" ndilo pekee nililomsikia akilitoa muda wote niliokuwepo. Hata makoti yangu aliyashukuru kwa kichwa.

Mazoea hayana mipaka. Wifi akirudi jioni anapitia mlango wa jikoni, na siku za mwanzo, kwa uchovu, akishika tu komeo mdomo ulijisemea, "Nafungua." Kaka akamjibu kwa mzaha, "Nakuona." Ikawa ndiyo hodi ya nyumba yetu. Nikiwa kwenye cherehani ninapaza sauti, "Nakuona, Bibi Pete!" na watoto wa jirani wakija kuchukua nguo walikuwa wanajibu pia. Mama tu ndiye hakujibu. Siku ambayo wengine hatupo, wifi alisema neno lake, akasimama kidogo nje, akasikiliza. Najua kwa sababu niliwahi kumkuta. Mama alikuwa jikoni, umbali wa mkono, anachambua mboga, na mlango uko wazi nusu. Walikuwa wanaonana kabisa. Mama akaendelea kuchambua mboga zake. Wifi akaingia taratibu, akasalimia, akapita.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," nilimwambia, kumpoza.

"Kamba yenyewe ndefu hii, wifi," akasema. "Itanivuta mpaka uzeeni."

Kulikuwa na ugomvi mmoja tu wa wazi kati yao, nao ni wa kitanda. Tangu Baba alipofariki Mama alilala chini, kwenye godoro jembamba, akisema kitanda kile ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Juu ya kitanda akapanga nguo zilizokunjwa. Msimu wa mvua ulipoanza wifi hakutulia. Alimwambia, "Mama, nakuomba. Mashimo yakijaa maji wavaa-pete wanatafuta pakavu, wanafuata panya na vijinyoka hadi majumbani. Sakafuni ndiko wanakopita. Panda kitandani, tukufungie chandarua, upindo tuingize chini ya godoro." Mama alikuwa anamjibu kupitia kwangu, ijapokuwa wote tumekaa sebule moja. "Mwambie mke wa kaka yako nyoka wake wakae kazini."

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mama huamka wa kwanza nyumbani, na wa kwanza kuamka hutia birika jikoni. Siku hiyo birika lilikuwa baridi. Nilimkuta godoroni amejishika tumbo, anasema linamsokota. Shangazi, dada wa Baba, ambaye alikuwa amekuja kututembelea, akasema ni gesi tu, akaenda kumchemshia tangawizi. Shangazi na Mama ni mawifi wa siku nyingi, wametaniana mpaka wakazeeka, na kila mmoja anajiona daktari wa mwenzake.

Wifi alikuwa tayari amevaa koti la kazi. Akasimama mlangoni mwa chumba cha Mama, chumba ambacho hakuwa akiingia bila kuitwa, yaani hakuwa akiingia kabisa. Akamtazama. Akauliza, "Mama, mbona macho yako yamelala hivyo?"

"Usingizi," Mama akasema. Neno lilitoka zito.

"Tazama juu, Mama. Tazama dari."

Mama akajaribu. Kichwa kikainuka, kope hazikuinuka. Hapo wifi akavuka kizingiti, akapiga magoti, akamgeuza viganja, akamkagua vidole, visigino, nyuma ya masikio. Hakuona jeraha. Hata hivyo akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mwite kaka yako. Tafuteni gari. Sasa hivi, wifi."

Shangazi alikuwa amefika na kikombe. "Anywe kwanza hii, tumwangalie."

"Hawezi kumeza, Shangazi. Ukimpa itaingia mapafuni."

Wifi akapitisha mikono chini ya kwapa za Mama amwinue. Na Mama, ambaye ulimi ulikuwa unaishiwa nguvu, alizikusanya zote zilizobaki akasema, "Niache. Usinishike na mikono hiyo."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho kabla sauti haijamwondoka. Wifi alilisikia, na mimi nililisikia. Hakumwachia.

Hospitalini alitupokea daktari mdogo wa umbo, mwenye mwendo wa haraka. Aliinua kope ya Mama kwa kidole gumba na kabla wifi hajamaliza kueleza alikuwa ameshaagiza dawa iletwe. Wakamwingiza mpira kooni. Mashine ya kupumulia ilikuwa kwa mgonjwa mwingine, kwa hiyo wakatupa puto la mpira la kuminya kwa mkono: unaminya, kifua kinapanda, unaachia, kinashuka. Tukapokezana, Kaka, mimi na wifi, hadi mashine ikapatikana. Sijawahi kushona kazi ngumu kama ile. Ukifikiri jambo lingine kidogo tu, mama yako hapumui.

Daktari akatuita pembeni. Akasema dawa imezuia sumu isiendelee, lakini ile iliyokwisha kushika mishipa haiondoki kwa dawa, itaondoka kwa wakati wake. Kazi yetu ni kumpumulia na kungoja. Anaweza kurudi, anaweza asirudi. Halafu akasema neno ambalo lilistahili kuandikwa ukutani. "Huyu mama hajalala. Hawezi kusogeza hata ukope, lakini anawasikia. Chungeni midomo yenu."

Tukaitikia kwa vichwa, na kabla siku haijaisha tukawa tumesahau. Utafanyaje? Unamtazama mtu amelala kama gogo, macho yamefumba, uso hauna habari, moyo wako unakwambia hayupo. Kaka alikaa pembeni akasema, "Mama alikuwa mkaidi, lakini alitupenda." Alikuwa! Shangazi akajibu, "Sikio la kufa halisikii dawa. Kitanda alinunuliwa, akakifanya kabati." Halafu, kwa sababu huzuni humfungua mtu mdomo, akaongeza kwamba Mungu amsamehe, maana chakula cha Mama siku zote kilikuwa na chumvi nyingi, na yeye alikuwa anakila kwa heshima tu. Nami nikasema amina. Nakiri nilisema, chumvi ilikuwa nyingi.

Hayo yalikuwa mepesi. Siku nyingine, wifi ametoka kuchota maji, Shangazi alinisogelea kichwani pa Mama akasema, "Nyoka huyo katoka wapi? Nyumba imekaa miaka yote bila nyoka. Kikulacho ki nguoni mwako." Nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii shangazi yake, na nesi akaja kututoa nje wote wawili.

Wifi alikuwa amesimama koridoni na ndoo yake. Alikuwa amesikia. Akasema tu, "Wetu wote wapo, Shangazi. Kila sanduku na mwenyewe." Akatupita akaingia ndani.

Kuhusu nyoka mwenyewe, Kimya ndiye aliyempata. Wifi alimwita nyumbani siku hiyohiyo ya kwanza, na Kaka akatoka hospitalini kumpokea. Kaka alinisimulia kwamba yule bwana hakukubali kuinua godoro wala sanduku wala gunia kabla Kaka hajasimama vizuri na kumjibu. Nafungua. Nakuona. Nyumba nzima, chumba hadi chumba, kwa watu wawili wazima. Wakamkuta nyuma ya kabati la bafuni, karibu na tundu la kutolea maji, amejikunja, kichwa amekificha. Alikuwa mweusi wa kung'aa na pete nyembamba nyeupe kama uzi. Kimya akamtia kwenye mfuko, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Sasa nisimulie jinsi wifi alivyomuuguza, maana ndilo lililonifanya nianze kuyasema haya. Mgonjwa wa namna ile hawezi kupepesa, na jicho lisilopepesa hukauka. Kila mara lazima umfunue ukope, udondoshe dawa, umfunge tena. Manesi walifanya, mimi nilifanya, Kaka naye alifanya. Wifi akifika zamu yake alinawa, akainama karibu na sikio, akasema, "Nafungua, Mama."

Halafu anangoja.

Mara ya kwanza nilidhani amesahau dawa. Alikuwa amesimama tu, kidole kiko hewani, anasikiliza, kama alivyokuwa anasimama nje ya mlango wa jikoni. Baada ya kitambo akasema, "Niwie radhi, Mama," ndipo akafungua. Akafanya hivyo kila mara. Nikamuuliza anangoja nini na mtu hana sauti.

"Sharti ni kungoja jibu," akasema. "Jibu nikilikosa nimelikosa, lakini kungoja nitangoja."

Na alimsemesha. Sisi tulikaa pale tukisemezana wenyewe, yeye alisema na Mama. Alimwambia, "Mama, huyu aliyekuuma ni mmoja tu wa ukoo mkubwa. Yupo mkubwa wao, mweusi na njano, pete pana, mgongo umenyanyuka kama paa la nyumba na mkia butu utadhani umekatwa na kisu. Huyo ukimwona utampenda, ni mzito, ana heshima zake. Yupo mwenye pete nyingi nyeupe, zimepangwa kama wewe unavyopanga nguo zako juu ya kitanda. Yupo mwingine mweusi tii, hana pete hata moja, na bado ni ndugu yao. Yupo wa kichwa chekundu na mkia mwekundu. Huyo kwetu hatuna, nimemwona pichani tu, na nikizeeka bila kumwona nitakulaumu wewe, kwa sababu likizo yangu yote naimalizia hapa." Akamwambia pia kwamba majike huyazungukia mayai yao wakakaa nayo, na kwamba alipowahi kuyatoa mayai chini ya jike mmoja kazini, nyoka yule mpole alimtokea kwa namna ambayo hajaisahau. "Mzazi ni mzazi, Mama. Hata mwenye sumu."

Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Nilikuwa namwogopea Mama asife, na nilikuwa namwogopea wifi pia. Mama angekufa, neno la mwisho lingebaki lile: usinishike na mikono hiyo. Angeishi nalo vipi, ndani ya nyumba ileile, akioga na kupika kwa mikono hiyohiyo?

Mama hakufa. Kwanza kidole cha mguu kilisogea, na Shangazi akapiga kelele mpaka wodi ya jirani wakaja. Kikafuata kidole cha mkono, kisha kope, kisha shingo. Siku walipomtoa mpira kooni tulikuwa tumezunguka kitanda kama tunangoja hotuba. Mama akatutazama mmoja mmoja kwa yale macho mazito. Sauti ilitoka kama mlango uliokosa mafuta. Akamtazama Shangazi.

"Kwa hiyo chakula changu kina chumvi?"

Shangazi nusura aketi sakafuni. Mama akamgeukia Kaka. "Nilikuwa mkaidi. Sasa siko mkaidi?" Akanigeukia mimi. "Na wewe ukasema amina." Daktari alilazimika kutoka nje, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Halafu Mama akarudi kwa Shangazi, safari hii bila utani. "Na lile ulilosema kuhusu nguo yangu na kinachonila, ulimsikia alivyokujibu? Basi usilirudie."

Tukafurahi. Nikamtazama wifi, nikadhani sasa zamu yake imefika. Alikuwa ameshika kichupa cha dawa ya macho, akasogea, akasema kama kawaida, "Nafungua, Mama." Sasa Mama alikuwa na sauti. Wote tuliisikia. Wifi akangoja.

Mama akafumba macho, akageuzia uso ukutani.

Nilikasirika, sitaficha. Nilitamani nimtikise mgonjwa. Nilimfuata wifi koridoni nikamkuta amekaa kwenye benchi, kichupa bado kiko mkononi. Akaniambia, "Nimechoka kungoja, wifi," akalia kilio cha kimyakimya, kile ambacho ukimgusa mtu kinazidi. Nilikaa naye tu mpaka wakaja kufagia.

Tulimrudisha Mama nyumbani kiangazi kimeanza. Nguo zilikuwa zimetolewa juu ya kitanda, chandarua kimefungwa, na yeye akapanda bila kusema neno, akalala katikati ya kile kitanda chake kikubwa. Mlango wa chumba chake ukiwa wazi, kutoka kitandani unaona korido yote mpaka jikoni. Wifi alirudi kazini. Na jioni ya kwanza, nikiwa natia pindo kwenye gauni la watu, nikasikia komeo la mlango wa jikoni likiinuka. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Hakuna aliyesema kitu. Nilisimamisha cherehani. Nyumba ilikuwa kama si yetu.

"Nani huyo?" Mama akauliza kutoka chumbani.

"Ni mimi, Mama."

"Mimi nani? Mbona hukusema?"

Wifi akasogea mpaka mlangoni pa Mama, mkoba bado begani. Hakuvuka kizingiti. "Kusema nini, Mama?"

"Lile neno lako."

"Nilijua hulipendi."

Nikasogeza kiti changu, nami siombi radhi kwa hilo. Mama alisema polepole, maana pumzi ilikuwa bado haijamtosha.

"Kule hospitalini watu walinifunua macho kama wanafungua kopo. Hata wanangu. Giza, halafu ghafla taa na kidole. Wewe ulisema kwanza, halafu ukangoja. Sasa nikuambie. Kila ulipongoja, nilikuitikia. Nilikuitikia kwa nguvu zangu zote, mara zote, na sauti haikutoka. Nikakusikia unaniomba radhi. Nikasema, Mungu wangu, huyu anadhani namnyima, kama nilivyokuwa namnyima."

"Lakini Mama, siku ile sauti ilipotoka..."

"Siku ile niliona haya," Mama akasema. "Nikuitikie mbele ya kadamnasi, mimi niliyekwambia usinishike? Uso ningeuweka wapi? Nikauweka ukutani." Akavuta pumzi. "Toka nje. Uanze upya."

Wifi akarudi koridoni. Alinipita macho yakiwa yamejaa, hata hakuniona. Akatoka, akaufunga mlango. Mama akakiinua chandarua kwa mkono wake dhaifu, akajivuta juu ya mto, shingo ikamtetemeka, mpaka akawa anautazama mlango wa jikoni moja kwa moja, maana sharti ni kutazama.

Halafu kutoka nje, "Nafungua."

"Nakuona, mwanangu," Mama akasema. "Nakuona. Ingia, uko mlangoni muda mrefu. Na ukishanawa, kaniletee kikombe changu, kile chenye uzi. Kimekaa na vumbi, kioshe wewe."

Nikaikanyaga cherehani nisisikike ninavyolia. Pindo lote la lile gauni likaenda kombo, na kesho yake ilibidi nilifumue.